Dawa za Ukoo Mmoja

Kila asubuhi ya likizo Kifungo alifungua mlango wa chumba cha mbele, akafagia vipande vya vitambaa vilivyobaki chini tangu jana, kisha akakaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha na kuanza kazi iliyompa jina. Mama yake alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Mama alikata na kushona, naye Kifungo alimalizia kwa kushona vifungo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na vidole vyake vilikuwa vimeizoea sindano hata aliweza kumaliza shati zima huku akitazama wapita njia.

Siku hizo hakuwatazama wapita njia. Bibi, mzazi wa Mama, alikuwa amefariki mwanzoni mwa likizo, na tangu siku ya mazishi Kifungo hakuhisi kitu. Hakulia. Majirani waliokuja kutoa pole walimtupia macho, wakanong'onezana kwamba mtoto huyu ana roho ngumu. Afadhali wangekaa kimya, maana hakuwa na roho ngumu hata kidogo. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alikula alipoambiwa ale, akalala alipoambiwa alale. Juzi alijichoma sindano kidoleni, akaitazama damu ikichafua kola ya shati jipya kabla ya kukumbuka kuondoa mkono.

Mama naye alikuwa hivyo hivyo, ila ganzi yake ilikuwa na kelele. Shule zilikaribia kufunguliwa, kazi ilikuwa tele, na Mama alikanyaga cherehani tangu kunakucha mpaka macho yaliposhindwa kuona tundu la sindano. Ukimsemesha, alikujibu neno moja tu: kesho. Sukari imekwisha? Kesho. Baba amepiga simu kutoka mbali anakofanya kazi, anataka kuongea nawe? Mwambie kesho.

Aliyeonyesha majonzi yake wazi alikuwa mdogo wake Kifungo, mvulana wa miaka minane. Huyu alizoea kumfuata Bibi kila mahali: sokoni, bombani, kwa jirani kuomba moto. Hata Bibi alipokwenda chooni, yeye alisimama mlangoni akimwimbia ili asichelewe. Ndipo Bibi mwenyewe akamwita Mkia, na jina likaganda. Sasa Mkia hakuwa na wa kumfuata. Alishinda chini ya meza ya kukatia, akipanga vipande vya vitambaa kwa rangi, akivivuruga, kisha akivipanga tena.

Kupanga mambo kwa rangi ilikuwa desturi ya nyumba ile. Hawakusema shule fulani. Walisema shule ya bluu, shule ya khaki, shule ya zambarau. Nyuzi zilining'inia kwenye misumari ukutani, kila rangi na msumari wake, na ole wako uchanganye. Hata wateja waliitwa kwa rangi. "Yule mama wa kijani amekuja kuchukua sketi zake?" Mama angeuliza, na kila mtu alijua ni nani anayetajwa.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa siku ile, miaka michache nyuma, Bibi aliporudi kutoka zahanati na kutoa amri yake kwa rangi. Mkia alikuwa ameumwa, akapewa kapsuli nyekundu na nyeusi, zile ambazo watu wengi huziita rangi mbili. Alipoimeza ya kwanza alivimba uso mpaka macho yakafumba. Bibi alimbeba mgongoni akakimbia naye. Waliporudi salama, alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Kuanzia leo," alisema, "Mkia na rangi mbili hawajuani. Mmenisikia?"

Walimsikia. Hakuna aliyemuuliza dawa yenyewe inaitwaje. Mkia alifundishwa kuuliza kila anapopewa dawa, "Ya rangi gani?" na mambo yakaishia hapo. Kila alipougua, Bibi ndiye aliyempeleka zahanati, na Bibi ndiye aliyezungumza na madaktari. Kwa kuwa Bibi alijua, wengine wote waliona hawana haja ya kujua.

Likizo ilipokaribia kwisha, Mkia aliamka akiwa na homa, akashindwa kumeza mate. Kifungo alimwambia Mama.

"Kesho nitampeleka zahanati," Mama alijibu, mguu ukiendelea kukanyaga.

Kesho yake homa ilikuwa bado ipo. Mama alimgusa Mkia shingoni, akatikisa kichwa, akasema watakwenda kesho bila kukosa, mzigo wa shule ya zambarau ukishatoka. Kifungo hakubisha. Alimpa Mkia uji, akamlaza kwenye mkeka karibu na kigoda chake, akaendelea na vifungo.

Ndipo alipotokea Mama Ndoo. Huyu alikuwa jirani yao wa mlango wa pili, muuza ndoo na mabeseni ya plastiki, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara na moyo mkubwa kuliko beseni lolote alilowahi kuuza. Alipita akiwa na mnara wa ndoo kichwani, akamwona Mkia, akasimama.

"Huyu kijana wangu mbona amenyong'onyea hivi?"

"Shikamoo, mama. Anaumwa koo."

"Marahaba. Amepelekwa hospitali?"

"Mama anasema kesho."

Mama Ndoo alichungulia chumba cha ndani, ambako cherehani ilikuwa ikinguruma. Akashusha ndoo zake, akashusha na sauti, jambo ambalo lilitokea kwa nadra sana.

"Mama yako mwache, mwanangu. Ana yake yanayomtosha. Ningoje hapo."

Aliingia kwake, akarudi na karatasi ya bati yenye vidonge. Vingine vilikuwa vimekwisha kutolewa.

"Mdogo wangu alipewa hizi, alikuwa na kidonda mguuni. Akapona, zikabaki. Mpe kimoja sasa, kingine jioni. Kesho utamkuta anacheza mpira."

Kifungo aliigeuza ile karatasi. Nyuma yake jina la dawa lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo. Aliliona kama alivyoona kila kitu siku zile, bila kulisoma.

"Si rangi mbili?" aliuliza.

"Rangi mbili wapi? Huoni ni nyeupe pe?"

Zilikuwa nyeupe pe, kweli. Mama Ndoo alijitwisha ndoo zake akaenda sokoni, akiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema. Kifungo aliona ni jambo jema pia. Mama angepunguziwa kazi moja. Alichota maji kikombeni, akamwinua Mkia.

"Ya rangi gani?" Mkia aliuliza kwa sauti iliyokauka.

"Nyeupe."

Mkia akameza. Kifungo alitia vilivyobaki kwenye mfuko wa aproni yake na kurudi kwenye shati aliloliacha.

Hakuwa ameshona vifungo vingi. Mkia alianza kujikuna shingo, kisha mikono, kisha tumbo. Vipele vilimtoka vikubwa kama vya mtu aliyeumwa na kundi zima la mbu, vikaungana vikawa mabaka. Kifungo aliviona. Alijiambia ni joto. Mkia alipomgeukia, midomo yake ilikuwa imetuna, na jicho moja lilikuwa limeanza kuziba.

"Dada," alisema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine, "koo langu limekuwa dogo."

Kifungo alisimama na shati likaanguka. "Mama!" aliita. "Mama, njoo!"

Kuna namna ya kuita ambayo hata cherehani huisikia. Mlio ulikatika. Mama alitoka na futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, akamwona Mkia, akamzoa kutoka mkekani kabla hajauliza lolote. Bahati ilikuwa upande wao: gari la kuwaletea kitambaa lilikuwa mlangoni, na dereva alikuwa akishusha jora la mwisho. Alipomwona mtoto hakungoja kuambiwa. Alilitupa jora pale pale kwenye vumbi.

"Pandeni!" alisema. "Pandeni, mama, twende!"

Mama alikaa mbele akiwa amempakata Mkia, na Kifungo akabanwa kati yake na mlango. Gari lilipiga honi njia nzima. Pumzi za Mkia zilikuwa zikipiga filimbi.

"Amekula nini?" Mama aliuliza. "Kifungo, nakuuliza, amekula nini?"

"Uji," Kifungo alisema.

Uji aliunywa kweli. Nusu ya ukweli ilitoka na nusu nyingine ikabaki mfukoni mwa aproni, ambako mkono wa Kifungo ulikuwa umeishika ile karatasi kwa nguvu hadi kingo zake zikamkata kidogo. Hakuwa mtoto mwongo. Aliona tu kwamba akilisema lile jambo litakuwa kweli: yeye ndiye aliyempa Mkia kitu kinachomnyonga. Na Mama alikuwa amekwisha kuzika mtu mmoja. Akatazama nje ya kioo. Maduka yalipita, watu wakapita, naye hakuhisi kitu.

Kwenye kituo cha afya hawakupangishwa foleni. Nesi mmoja mnene mwenye mikono myepesi alimwona Mkia kutoka mlangoni, akamchukua kwa Mama kama inavyochukuliwa sufuria ya moto jikoni. Tabibu, kijana mwembamba aliyekunja mikono ya koti lake, alimsikiliza kifua kwa muda mfupi sana.

"Adrenalini," alisema, na tayari nesi alikuwa anayo.

Walimchoma Mkia pajani, wakamfunika pua na mdomo kwa kifaa cha hewa ya oksijeni, wakamwekea dripu mkononi. Mama alisimama ukutani na futi yake shingoni. Kifungo alisimama karibu yake. Walikuwa wanatazama jambo lile lile, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono.

"Vuta, baba, vuta pumzi," nesi alikuwa akisema. "Ukitaka kulia lia, tena kwa sauti. Mtoto anayelia ni mtoto anayepata hewa, mimi kelele zako nazipenda."

Baada ya muda Mkia alilia. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. Filimbi ya kifuani ilipungua, na midomo ikaanza kulegea. Tabibu alijifuta jasho, akavuta stuli, akamgeukia Mama.

"Tumemuwahi. Sasa nisaidie, mama. Hali kama hii huletwa na mzio, yaani mwili kukataa kitu fulani na kukipiga vita kama adui. Kinaweza kuwa chakula, mdudu aliyemuuma, au dawa. Ametumia dawa yoyote leo?"

"Hapana," Mama alisema. "Sijampa kitu. Anaumwa koo siku mbili hizi, na nilikuwa sijamleta."

"Kuna dawa inayomdhuru? Aliwahi kupata shida kama hii?"

Mama alimtazama Mkia. "Iliwahi kutokea. Kuna rangi... Bibi yake ndiye aliyekuwa akijua mambo hayo."

"Vizuri. Mpigieni simu Bibi, tumuulize."

Mama alitazama sakafu.

"Ametangulia mbele ya haki, daktari," alisema. "Mwezi huu."

"Poleni sana," tabibu alisema taratibu, na alionekana kweli ameumia. Akamchungulia Mkia kooni kwa tochi. "Koo lina usaha mwingi. Dawa yake kwa kawaida ni penisilini. Nauliza tena, mama, kwa sababu ni lazima niulize: leo hajameza dawa yoyote? Hata ya kununua dukani? Hata kipande?"

"Nimekaa naye nyumba moja tangu asubuhi," Mama alisema. "Hajameza."

Mama alisema alichokijua. Tabibu naye alitumia alichoambiwa. Alidhani huenda ni mdudu, au vumbi la kitambaa kipya, akamwagiza nesi atayarishe sindano ya koo. Nesi alichukua kichupa chenye unga mweupe, akatia maji ndani yake kwa bomba la sindano, akakitikisa mpaka kikawa kama maziwa.

Kifungo aliona kila kitu. Aliona kichupa, aliona pamba ikiloweshwa spiriti, aliona nesi akimgeuza Mkia kiubavu. Sauti ndani yake ilisema: zungumza. Mdomo haukusogea. Ilikuwa kama mambo yale yanatokea nyuma ya kioo, kwenye nyumba ya watu wengine.

Mkia alisogeza kile kifaa cha hewa pembeni kwa kidole. Hakumtazama nesi. Alimtazama dada yake.

"Dada," alikwaruza, "hiyo ni ya rangi gani?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Nyeupe. Kifungo alikuwa karibu kulisema, kama alivyolisema asubuhi, ndipo alipolisikia kabla halijatoka. Asubuhi pia alisema nyeupe. Mkia alimwamini akameza, na sasa alikuwa amelala pale. Kumbe kujua rangi hakukuwa kujua chochote.

"Usimchome," Kifungo alisema.

Nesi aligeuka. "Unasemaje, binti?"

"Usimchome kwanza. Nilimpa dawa. Mama hajui. Mimi ndiye niliyempa."

Hakupata ujasiri wa ghafla, kama watu wanavyosimulia. Moyo haukwenda mbio, machozi hayakuja. Maneno yalitoka bapa, moja baada ya jingine. Alitia mkono mfukoni mwa aproni, akaitoa ile karatasi ya bati iliyokunjamana, akampa tabibu. Hakuthubutu kumtazama Mama.

Tabibu aliigeuza, akasoma zile herufi ndogo.

"Weka sindano chini, nesi," alisema. Nesi alikuwa amekwisha kuiweka.

Kisha tabibu aliuliza, na Kifungo akajibu yote: koo, kesho, Mama Ndoo, maji ya kikombe. Akaeleza na habari ya rangi mbili, jinsi Mkia alivyovimba zamani na jinsi Bibi alivyokataza. Tabibu alisikiliza bila kumkatiza. Kifungo alipomaliza, tabibu aliinua ile karatasi kwa vidole viwili.

"Zile rangi mbili, nyekundu na nyeusi, huenda zilikuwa ampisilini. Hii nyeupe ni amoksilini. Na iliyokuwa kwenye sindano ni penisilini yenyewe." Alimtazama Mama, kisha Kifungo. "Dawa nazo zina ukoo, kama watu. Penisilini ndiye babu. Ampisilini na amoksilini ni watoto wake, na wapo ndugu wengine, wengi majina yao huishia na 'silini'. Mwili wa huyu mtoto ulimkataa mmoja wao zamani, na hao wanafanana sura. Akiingia yeyote, mwili unadhani ni yule yule adui karudi."

"Lakini hii ni nyeupe," Mama alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

"Rangi ni nguo tu, mama. Kiwanda kimoja huivika nyekundu, kingine huivika nyeupe. Mwaka ujao wanaweza kuivika kijani."

Mama alishika ncha ya futi yake, akaizungusha kidoleni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi Kifungo kumwona akifikiri jambo.

"Ninalo jora la bluu na jora la khaki," alisema Mama. "Yote pamba. Ukiyafua yananywea sawasawa, rangi haisaidii kitu. Mimi nayajua hayo tangu ujana wangu."

"Ndivyo hivyo hivyo," tabibu alisema. "Tena kuna ukoo wa jirani, binamu zao hawa. Baadhi ya hao hupatana vizuri tu na mtu kama huyu, na baadhi humletea balaa. Hao hawabahatishwi. Ni daktari anayejua habari zake ndiye anayeamua, na akishapona tutamwandikia aende hospitali kubwa akapimwe, tujue hasa mwili wake unakataa nini. Leo koo lake tutalitibu kwa dawa ya ukoo mwingine kabisa, isiyo na undugu nao."

Nesi alikuwa akimfunika Mkia shuka. "Na kama binti asingesema," alianza, kisha akamtazama Kifungo usoni, akaacha. "Basi. Amesema."

Walibakizwa pale mpaka jioni na zaidi, kwa sababu uvimbe wa namna ile huweza kurudi hata baada ya kutulia. Mkia alilala. Mchana Mama Ndoo alifika akihema, bila ndoo hata moja. Alikuwa ameambiwa habari sokoni na dereva wa gari la kitambaa.

"Ni mimi," alisema mlangoni, na sauti yake kubwa ilikuwa imepotea. "Msimlaumu mtoto, ni mimi niliyempa. Nilidhani dawa ni dawa."

"Dawa si chumvi, mama, ya kuazimana majirani," nesi alimwambia, si kwa ukali. "Iliyomponya mdogo wako imetaka kumuua huyu. Na huyo mdogo wako naye, kwa nini zilibaki? Aliambiwa amalize dozi au aache alipojisikia nafuu?"

Mama Ndoo alikaa dakika chache, akamgusa Mkia mguu juu ya shuka, akaondoka akifuta macho kwa upindo wa kanga.

Mama na Kifungo walibaki kwenye benchi kando ya kitanda. Kifungo alikuwa akingoja kofi tangu asubuhi. Kofi halikuja. Alichosikia ni pumzi za Mkia, na mahali fulani ukumbini mtu akiburuta ndoo ya maji ya kupigia deki.

"Garini nilikuuliza," Mama alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mama."

"Na ulikuwa nazo mfukoni."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sijui." Kifungo alitazama mikono yake. "Niliogopa. Lakini hata hofu yenyewe nilikuwa siisikii vizuri. Niliona kwamba Mkia akifa, mimi ndiye nitakuwa nimemuua, nikashindwa kufungua mdomo. Tangu Bibi alipoondoka sisikii kitu, Mama. Watu wanasema nina roho ngumu."

Mama alipozungumza, hakuzungumza kama mtu anayegomba.

"Nisikilize, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema kesho wakati mtoto anaumwa leo. Hilo ni langu, usilibebe. Na Bibi yako alilijua jambo hili peke yake kwa sababu sisi sote tuliona raha kumwachia. Jambo linaloweza kuondoa roho ya mtu halifai kukaa kwenye kichwa kimoja. Tulijue sote, kwa jina lake, na Mkia alijue kuliko sote, ili popote atakapokwenda aliseme kwa mdomo wake kabla hajaguswa na sindano. Lako wewe ni kumpa mwenzio dawa ambayo hakuandikiwa. Utarudia?"

"Sitarudia, Mama."

"Na kunyamaza kule garini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kilikuwa njiani. Nimekuelewa kwa nini ulinyamaza. Hata mimi tangu mazishi sihisi kitu. Nakanyaga ile cherehani bila kujua nashona nini." Alivuta pumzi. "Lakini moyo ukifa ganzi, mdomo bado una kazi yake. Usingoje upate ujasiri ndipo useme kweli, maana siku nyingine ujasiri hauji. Sema hivyo hivyo ulivyo. Leo umesema hivyo hivyo, na mdogo wako anapumua. Mtazame."

Kifungo alimtazama. Shuka lilipanda likashuka juu ya kifua cha Mkia. Vipele vilikuwa vimefifia, na uso ulikuwa umeanza kurudi kuwa uso wake, na mdomo wazi kidogo kama kawaida yake akilala. Likapanda, likashuka. Kifungo alikuwa amefikiri atauona uso ule ukifunikwa kama walivyoufunika ule wa Bibi, na wazo hilo lilipomfikia sawasawa, kitu kilimpasuka kifuani. Alianza kulia. Alimlilia Mkia, kisha akajikuta anamlilia Bibi, kwa sauti, pale pale kwenye benchi, kilio chote ambacho hakikutoka siku ya mazishi.

Mama alimvuta akamlaza kifuani. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutokwa na machozi.

"Inauma, Mama," Kifungo alisema. "Inauma sana."

"Najua," Mama alisema, akimfunga mikono yote miwili. "Ganzi ikitoka huuma. Acha iume."